Usipoziba Ufa: Hewa ya Wizi Katika Injini za Pikipiki za Zamani

Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, yaani Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, pikipiki ni chombo cha kazi zaidi ya kuwa chombo cha anasa. Nyingi zionekanazo barabarani siku hizi ni mpya, nazo zatoka India na Uchina. Lakini ziko pia za zamani, nyingine zimewekwa ghalani na nyingine zingali zikiendeshwa: BSA au Triumph iliyoachwa na baba au babu, na Yamaha au Suzuki za miaka ya 1970 na 1980, za namna ile waliyoitumia mabwana shamba kuwatembelea wakulima.

Wenye pikipiki hizi hupatwa na taabu moja mara kwa mara. Injini hunguruma kwa kasi hata mkono wa mafuta ukiwa umefungwa. Haitulii, hupata moto upesi, nayo hukohoa na kulipuka katika ekzosi wakati wa kuteremka. Fundi akiitwa, huzungusha skrubu za kabureta huku na huku mpaka sauti ipendeze masikioni, kisha hulipwa na kwenda zake. Baada ya majuma machache pistoni imetoboka au imekwama ndani ya silinda, na mwenye pikipiki ajiuliza kosa lilikuwa wapi.

Mara nyingi kosa halikuwa katika skrubu wala katika pistoni yenyewe. Lilikuwa katika ufa mwembamba kuliko unywele, mahali kabureta inapounganishwa na silinda. Hewa ilikuwa ikiingia hapo kwa wizi. Gasketi ya karatasi, ambayo bei yake ni ndogo sana, ingaliweza kuiokoa injini nzima. Kwa hiyo yafaa kila mwenye pikipiki ya zamani ajue jinsi hewa hiyo iingiavyo, jinsi ya kuitafuta, na jinsi ya kuiziba.

KAZI YA KABURETA NA SHINGO YAKE

Injini ya petroli haichomi petroli peke yake. Huchoma petroli iliyochanganywa na hewa, tena kwa kipimo. Kilo 1 ya petroli yahitaji kilo 14 au 15 za hewa ili iungue yote. Kuupata mchanganyiko huo ndiyo kazi ya kabureta. Pistoni inaposhuka, huvuta hewa kupitia chujio na kinywa cha kabureta, na hewa hiyo ipitapo huinyonya petroli katika vitundu vidogo viitwavyo jeti. Ukubwa wa jeti umepimwa kiwandani kulingana na kiasi cha hewa kipitacho katika kinywa cha kabureta.

Kati ya kabureta na silinda pana shingo, yaani kipande cha bomba kipitishacho mchanganyiko huo. Katika pikipiki nyingi za Kiingereza zenye kabureta za Amal, shingo ni ya chuma au alumini, na kabureta ina uso bapa wenye masikio mawili ambamo bolti hupita. Kati ya nyuso hizo mbili hutiwa gasketi ya karatasi au pete ya mpira, na mara nyingi pia kipande kinene cha kuzuia joto. Katika baadhi ya pikipiki zenye silinda mbili na kabureta moja, shingo hugawanyika mapande mawili, na hivyo kila silinda ina kiungo chake. Kabureta ya kwanza ya BSA Bantam, iliyotokea mwaka 1948, haikuwa na masikio: ilivikwa juu ya bomba na kubanwa kwa klipu. Katika pikipiki nyingi za Kijapani shingo ni ya mpira.

Kila kiungo katika hivyo ni mahali pawezapo kuvuja. Tena jambo la kuelewa ni hili: shingoni hakutoki kitu, bali kunaingia. Bomba la maji likivuja, maji huonekana chini. Shingo ya kabureta ikivuja, hakuna kinachoonekana, kwa kuwa injini inavuta. Hewa inayoingia hapo haikupita katika kabureta, wala haikuchukua petroli. Kwa hiyo mchanganyiko hupungukiwa petroli.

HATARI ZAKE

Hatari ya kwanza ni joto. Mchanganyiko uliopungukiwa petroli huitia injini joto lisilo la kawaida. Katika injini yenye vali, vali ya kutolea moshi huungua pole pole, na pistoni huweza kutoboka. Katika injini kama ya Bantam, ambayo mafuta yake ya kulainisha huchanganywa na petroli tangini, hatari ni kubwa zaidi: petroli ikipungua, mafuta hupungua pamoja nayo. Pistoni hutanuka kwa joto, hukosa mafuta, na hukwama. Ikikwama pikipiki ikiwa katika mwendo, gurudumu la nyuma hufunga ghafula. Mwendeshaji asipoishika klachi mara moja, aweza kuanguka.

Hatari ya pili ni vumbi. Wakati wa kiangazi barabara za changarawe za Laikipia na za upande wa Naro Moru hutoa vumbi jingi. Hewa ya halali hupita katika chujio, lakini hewa ya wizi huingia nyuma ya chujio pamoja na vumbi lake. Vumbi hilo husaga ringi na silinda kama msasa. Mvua ikinyesha, huingia matone ya maji.

Hatari ya tatu ni mwendo. Injini yenye hewa ya wizi huchelewa kutulia mkono wa mafuta unapofungwa. Mtu ashukaye kwenye bonde la mto Gura, katika barabara ya kwenda Othaya, hutegemea injini imsaidie kuzuia mwendo. Ikiwa injini yaendelea kunguruma kwa nguvu, mzigo wote huwa juu ya breki, na breki za pikipiki za zamani si kali kama za leo.

KWA NINI MLIMA HUFICHA KOSA

Wakazi wa nchi ya mlima wana jambo lao la pekee la kuangalia. Nanyuki iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,900 na zaidi, na Nyeri kwa mita 1,700 na zaidi. Katika kimo cha Nanyuki hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya nchi za chini, ikiletwa huku, hupeleka petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Injini huwa nzito, hutoa moshi mweusi, na plagi hupata masizi.

Basi shingo ya pikipiki hiyo ikipata ufa mdogo, hewa ya wizi hupunguza uzito huo wa petroli. Injini yaweza hata kuonekana imekuwa nyepesi kuliko jana, na mwenyewe hufurahi akidhani imepona. Kisha siku moja ateremka na mzigo kwenda Sagana, ambako kimo ni kama mita 1,200 tu. Huko hewa ni nzito zaidi, na ile petroli iliyozidi haipo tena kuficha kosa. Injini iliyokuwa ikienda vizuri Nanyuki yaanza kupata moto na kugonga. Mwenyewe hulaumu petroli aliyotia njiani, kumbe ufa aliondoka nao nyumbani.

Kwa sababu hiyo, pikipiki ikibadilika ghafula bila mtu kuigusa, hata ikiwa imebadilika kwa uzuri, yafaa ichunguzwe.

DALILI ZAKE

Hewa ya wizi huonekana zaidi pikipiki inaposimama huku injini ikinguruma pole pole. Wakati huo njia ya kabureta imefungwa karibu yote, mvuto wa injini ni mkubwa, na hewa ihitajiwayo ni kidogo. Ufa mdogo basi huingiza sehemu kubwa ya hewa yote. Njia ya kabureta ikifunguliwa wazi, ufa ule ule huwa si kitu kikubwa. Dalili za kuangalia ni hizi:

1. Injini hupanda na kushuka yenyewe, au hunguruma kwa kasi, na skrubu ya kupunguza mwendo haifai kitu.
2. Mkono wa mafuta ukifungwa, mwendo wa injini huchelewa kushuka.
3. Injini ni ngumu kuwaka asubuhi, nayo hutaka choki muda mrefu.
4. Kabureta hupiga chafya mkono wa mafuta ukifunguliwa kwa ghafula.
5. Plagi ikitolewa, ncha yake ni nyeupe badala ya kuwa ya rangi ya kahawia.

Hata hivyo dalili hizi zaweza kuwa na sababu nyingine. Jeti ndogo iliyoziba kwa uchafu, waya wa mkono wa mafuta uliokwama, na kabureta iliyochakaa ndani huleta taabu zifananazo nazo. Ekzosi isiyobana vema huleta milipuko wakati wa kuteremka. Kwa hiyo fundi mwema hafungui kitu kabla ya kuhakikisha.

JINSI YA KUHAKIKISHA

Kwanza, injini ikiwa baridi, kabureta na ishikwe kwa mkono na kutikiswa. Ikicheza, bolti au klipu zimelegea. Shingo ya mpira na ikunjwe kidogo kwa vidole, kwa maana nyufa za mpira hujificha mpaka zikunjwe. Kisha viungo vyote na vitazamwe: mahali penye doa la petroli iliyokauka pana mashaka.

Baada ya hayo injini iwashwe nje, mahali penye hewa safi, iachwe ipate moto wa kadiri, kisha iachwe ingurume pole pole. Ichukuliwe chupa ndogo ya kunyunyizia maji, kama ile itumiwayo na vinyozi, na maji yanyunyizwe kidogo kidogo penye kiungo kimoja, kisha kingine. Sauti ya injini ikibadilika maji yanapogusa mahali fulani, hapo ndipo penye ufa: maji yameuziba kwa nukta chache, au yamevutwa ndani. Jaribio lirudiwe mara mbili au tatu ili isiwe bahati tu. Maji yasielekezwe kwenye plagi na waya wake, wala kwenye kinywa cha kabureta, maana injini itabadilika kwa sababu nyingine na fundi atadanganyika.

Wako mafundi wanyunyiziao petroli, au dawa ya kusafishia kabureta, badala ya maji. Ni kweli kwamba injini huitika upesi zaidi, lakini vitu hivyo huwaka moto, na injini iwakayo ina joto na cheche. Pikipiki nzima yaweza kuteketea, na mtu kuungua mikono na uso. Maji yatosha.

KUZIBA KWA NJIA IFAAYO

Ufa ukiisha kupatikana, bomba la petroli lifungwe, na kabureta iondolewe. Mlango wa silinda uzibwe mara moja kwa kitambaa safi, kwa sababu nati ikianguka humo, taabu ndogo itakuwa kubwa.

Hatua ya kwanza ni kupima uso wa kabureta. Rula ya chuma isimamishwe kwa ukingo wake kutoka sikio moja hadi jingine, na kabureta ielekezwe penye mwanga. Mwanga ukipenya chini ya rula, uso umepinda. Katika kabureta za Amal kosa hili ni la kawaida mno. Chuma chake ni laini, na watu kwa kuogopa kuvuja hukaza bolti kwa nguvu zote. Masikio huvutwa mbele, na katikati hubaki uwazi. Hewa huingia, mtu hukaza tena, uso huzidi kupinda. Hivyo nguvu zile zile zitumiwazo kuziba ndizo zipanuazo ufa.

Hatua ya pili ni kuunyosha uso huo. Kipande cha kioo kinene kilazwe mezani, na juu yake msasa wa maji, kwanza wa namba 240, kisha wa namba 400. Pete ya mpira iondolewe kwanza. Msasa uloweshwe, na uso wa kabureta usuguliwe juu yake kwa mwendo wa mviringo, bila kukandamiza upande mmoja. Baada ya mizunguko michache utazamwe. Sehemu zing'aazo zimeguswa na msasa, na zilizo nyeusi bado ziko chini. Kazi iendelee mpaka uso wote ung'ae sawa, wala isizidi hapo. Ikiwa kuna mfereji wa pete, uangaliwe usipungue kina mno. Pete mpya ikitiwa, yapasa iinuke kidogo juu ya uso wa chuma ili ipate kubanwa. Kisha kabureta ioshwe kabisa, kwa kuwa chembe moja ya msasa katika jeti yatosha kuleta taabu mpya.

Uso wa silinda nao upimwe kwa rula. Ukiwa umepinda, kazi hiyo iachiwe fundi mwenye vifaa.

Hatua ya tatu ni gasketi au pete. Gasketi ikatwe katika karatasi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambayo huuzwa madukani kwa vipande, kama vile katika Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, iliyoitwa zamani Grogan Road. Mfano uchorwe kwa penseli kutoka uso wa kabureta wenyewe. Tundu la katikati liwe sawa na la shingo, au kubwa kwa unywele. Likiwa dogo, karatasi itaingia njiani mwa hewa. Ikiwa kabureta ina pete ya mpira, inunuliwe iliyo ya mpira usioharibiwa na petroli, na upande huo usiongezewe karatasi. Kipande kinene cha kuzuia joto kisitupwe hata kama chaonekana hakina kazi. Hicho ndicho kizuiacho petroli isichemke ndani ya kabureta injini ikiwa na moto.

Hatua ya nne ni kukaza. Nati zitiwe kwa vidole mpaka zifike. Kisha kwa spana fupi ikazwe moja kidogo, na ya pili kidogo, kwa zamu, mpaka zishike imara. Hazihitaji nguvu za mtu akazaye gurudumu la lori. Baada ya safari ya kwanza, injini ikiisha kupoa, zikazwe tena mara moja, kwa maana karatasi mpya hulala kidogo.

Shingo ya mpira iliyopasuka haina dawa ila kubadilishwa. Katika Yamaha zenye vali za ndimi, yaani vibati vyembamba vifunguavyo na kufunga njia ya mchanganyiko, gasketi iliyo chini ya vali hizo ichunguzwe wakati huo huo.

MAMBO YASIYOFAA

Desturi moja ni kupaka gundi ya silikoni kandokando ya kiungo. Gundi ya namna hiyo iliyo ya kawaida haivumilii petroli. Huvimba, hulainika, na vipande vyake huvutwa ndani ya injini. Desturi nyingine ni kukata gasketi katika tyubu ya baiskeli, na mpira huo nao huvimba kwa petroli. Karatasi ya boksi huloa na kuoza. Vitu hivi vyaweza kumfikisha mtu nyumbani kutoka njiani, lakini visihesabiwe kuwa matengenezo.

Lililo baya kuliko yote ni kuongeza ukubwa wa jeti ili petroli zaidi ishindane na hewa ya wizi. Ufa haukai kipimo kimoja. Leo ni mdogo, kesho ni mkubwa. Mtu apimaye kabureta kwa kufuata ufa atapima kila siku, na hatapata kipimo.

Jaribio la maji lifanywe tena baada ya kazi. Sauti isipobadilika popote, ndipo skrubu za kabureta zirudishwe mahali pake. Yaweza kuwa, hasa Nanyuki na Nyeri, kwamba injini iliyozibwa vema itaonekana nzito na kutoa moshi mweusi. Hilo si kosa la gasketi. Ndiyo petroli nyingi iliyokuwa imefichwa na ufa, na dawa yake ni jeti ndogo zaidi ifaayo nchi ya juu. Lakini mwenye pikipiki iliyopunguziwa jeti akumbuke ya kwamba akienda kukaa Mombasa hana budi kuirudisha jeti ya kwanza.

Na ikiwa viungo vyote ni vizima, bali injini isiyo na vali, kama ya Bantam, ingali inapanda na kushuka, hewa yaweza kuwa inaingia kupitia sili za mhimili mkuu. Moshi mwingi wenye harufu ya mafuta ya gia ni ishara ya sili ya upande wa klachi. Kazi hiyo yataka injini ifunguliwe, nayo ni ya fundi.

FAIDA YA KUANGALIA MAPEMA

Kiwanda cha BSA cha Birmingham kilifungwa katika miaka ya 1970. Kabureta za Amal zingali zikitengenezwa Uingereza, na gasketi na pete zake zapatikana kwa kuagizwa, lakini silinda na pistoni za pikipiki nyingi za wakati ule hazipatikani kwa urahisi, na bei yake si ndogo. Mtu aachaye ufa wa shingo mpaka pistoni iharibike ameubadilisha mchana mmoja wa kazi kwa miezi mingi ya kungoja na fedha nyingi za kuagizia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye pikipiki ya zamani na aanze Jumamosi hii kwa chupa ya maji na rula ya chuma. Asipoona ufa, ataendesha kwa moyo mtulivu. Akiuona, ameuona ungali wa gasketi.